Watu Tisa Mbele ya Kanisa la Nyasi

Chumba changu cha pili hakina kitanda. Nilipopewa nyumba ya watumishi hapa Kibondo nilidhani mke wangu angekuja na watoto, na kitanda kingefuata. Mke wangu alibaki Singida na kazi yake ya ualimu. Watoto wakakua, kila mmoja akaenda alikokwenda. Chumba kikabaki kitupu mpaka nilipoweka humo sanduku la bati nililolinunua mnadani, kisha taa ya chemli isiyo na kioo, kisha picha. Siku hizi ukifungua mlango inabidi usimame kwanza utafute pa kukanyaga.

Ninachokusanya ni vitu vya watangulizi. Ni wale Waha wa kwanza kuipokea Injili, wakaibeba kwa miguu kilima kwa kilima, kutoka upande wa Kasulu mpaka Nyabibuye karibu na mpaka wa Burundi, wakati barabara hazijafika. Kengele yao ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, ikining'inia mtini na kugongwa kwa kipande cha chuma. Vitabu vyao vya nyimbo walivivisha ngozi ya mbuzi kwa ajili ya mvua. Ninacho kimoja ambacho bado kinanuka moshi. Mimi si wa kabila lao wala wa dini yao. Nimezaliwa katika nyumba ya Waislamu. Watu huniuliza natafuta nini kwenye masanduku ya wainjilisti, na jibu ninalowapa hubadilika kulingana na anayeuliza. Labda ni kwa kuwa nao walilala miaka mingi katika nyumba za watu wasiowajua.

Kazi yangu ni eksirei, hospitalini. Kutwa nzima nawaambia watu wavute pumzi, waishike, waiachie. Mtu akishakaa mbele ya mashine huwa hana haraka tena, na wazee husimulia. Nimepata nusu ya vitu vyangu kwa namna hiyo, kwa kumsikiliza mtu aliyevunjika mkono. Nauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule: kitu hiki kilikuwa cha nani, kilipita kwa nani, nani mwingine anacho. Majibu nayaandika nyuma ya picha kwa penseli, kwa sababu wino hupenya.

Picha za watangulizi zina jambo moja ambalo lilinichukua muda kulielewa. Karibu zote zina tundu. Unapewa picha ya watu wamesimama wamenyooka kama askari, na mmoja wao hana kichwa. Mahali pa uso pana dirisha dogo la mraba lililokatwa kwa wembe. Mwanzoni nilidhani ni ugomvi, kwamba familia ilimkataa mtu huyo. Ni kinyume chake. Mtu anapofariki, na picha pekee aliyowahi kupigwa ni ile ya kundi, wanawe humkata uso na kuupachika msalabani kaburini, chini ya kipande cha kioo. Anayekatwa ndiye anayependwa. Waliobaki na nyuso zao ni watu baki.

Nimetembelea makaburi mengi huku. Vile vioo vipo, lakini ndani yake ni karatasi nyeupe. Jua la kiangazi huanza na macho, kisha mdomo, mwisho hubaki weupe wenye doa la kahawia pale nywele zilipokuwa.

Kuna picha moja ambayo nimeikuta mara nyingi kuliko zote. Wanaume tisa mbele ya kanisa la nyasi, baiskeli pembeni, ngoma mbele. Mmisionari aliyeipiga alichapa nakala za kutosha, kila mmoja akapata yake. Nakala niliyoipata Nyabibuye haina mtu wa mwisho kulia. Niliyoipata nje kidogo ya mji wa Kasulu haina aliyeshika baiskeli. Nilipoziweka sakafuni pamoja nikaona kilichotokea: kila nyumba ilikata wa kwake na kuwatunza wa wenzao. Kama unamtafuta babu yako, usitafute nyumbani kwenu.

Nakala nzima, yenye nyuso zote tisa, nilikuja kuipata Kasulu, katika nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Mwenye nyumba alikuwa mmoja wa wale tisa, mfupi, wa pili kutoka kushoto. Hakuoa, hakuacha mtoto. Ndugu wa mbali waliuza kiwanja, na mnunuzi akanipa sanduku la marehemu bila hata kulifungua. "Ondoa takataka hizo," alisema, "nguzo zije." Picha ilikuwa chini kabisa, imefungwa katika kanga. Ilikuwa nzima kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kuikata. Niliitia fremu, nikaitundika mahali ninapoiona nikiwa mezani nakula.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, aliletwa bibi mmoja kutoka Kitahana. Alikuwa ameteleza kisimani, nyonga ikamuuma. Alikuwa na bahasha ya eksirei ya zamani, ile ya karatasi ngumu, ambayo watu wengi huku huifanya kabati la nyaraka. Nilipovuta filamu itoke, ilitoka pamoja na picha. Kanisa la nyasi. Baiskeli. Ngoma. Mtu wa katikati hakuwa na uso.

"Iache hiyo," alisema. "Hiyo si ya ugonjwa."

"Huyu aliyekatwa ni nani kwako, bibi?"

"Baba. Kaka yangu alimkata tulipomzika. Akambandika kwenye msalaba wa mti. Mvua ikala karatasi, mchwa wakala mti. Kaka naye amekwenda." Alijishika kiuno, akakaa vizuri. "Sasa wanangu wanataka kumjengea babu yao kaburi la saruji. Wana vigae, wana kioo, uso hawana. Mimi nimeanza kumsahau, daktari. Nikifumba macho naona kofia tu."

Mimi si daktari, ila huku kila mwenye koti jeupe ni daktari. Nilimwambia avute pumzi, aishike. Nilipomaliza kumpiga picha nikamwambia kwamba ninayo hiyo picha nyumbani, nzima.

Hakushangaa.

"Umeipata wapi wewe, nawe si wa huku?"

Nikamweleza habari ya nyumba ya Kasulu.

"Yule mfupi," alisema. "Alikuwa akija kwetu, analala siku nyingi. Mama alimwambia, oa basi, tupumzike."

Nyonga haikuwa imevunjika. Nilimwahidi nitampelekea uso wa baba yake, na niliahidi nikiwa na mpango wangu. Jioni niliitoa picha kwenye fremu, nikaipiga kwa simu mchana wa kesho yake penye mwanga mzuri, nikapeleka kwenye duka la kuchapa picha hapa mjini. Niliagiza uso mmoja tu ukuzwe, uwe wazi. Mwenye duka ni fundi, na fundi hapendi kuacha kazi ilivyo. Nilipoifuata nilimkuta yule mzee wa katikati amevishwa suti nyeusi na tai nyekundu, nyuma yake kuna mawingu ya buluu. Mashavu yamelainishwa kama ya mtoto.

"Nimekupa na ofa," alisema mwenye duka. "Marehemu wote siku hizi ndivyo wanavyotoka."

"Nilitaka alivyo."

"Alivyo ana vumbi, mzee wangu."

Muda ulikuwa umekwisha, kaburi linajengwa wiki ile. Niliichukua hivyo hivyo. Katika mfuko mwingine nilitia ile picha nzima, kwa nia ya kumwonyesha tu, halafu nirudi nayo. Nikapanda pikipiki hadi Kitahana. Milima ilikuwa imechomwa, nyeusi, na majivu yalikuwa yakivuka barabara mbele yetu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba akichambua maharage. Nilimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," yeye akanijibu kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wote, ili nisijisumbue. Wanawe wawili, watu wazima wenye mvi, walikuwa kaburini nyuma ya migomba na fundi wa saruji. Nilimpa picha ya duka. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Huyu ni mbunge," alisema.

"Ni baba yako, bibi. Wamemvisha tu."

"Oya, siye. Baba alikuwa na shati moja. Mwite huyo umwambie kura yangu nimeshatoa."

Wanawe waliitwa, wakaja wakipangusa mikono. Wao waliipenda. Mkubwa aliishika kwa ncha za vidole asiichafue.

"Mama, mbona babu amependeza? Tazama tai."

"Tai aliiona wapi?"

"Mbinguni wanagawa," alisema mdogo, na kaka yake akacheka mpaka akakohoa.

Wakaondoka nayo kumwonyesha fundi. Bibi akautazama mfuko wangu wa pili. Nikaitoa picha. Nilitaka kumwekea mapajani lakini aliichukua mwenyewe kwa mikono miwili, akaanza upande wa kushoto, mtu mmoja mmoja, akitaja majina kwa sauti ya chini kama anayesoma mahudhurio. Alipofika katikati hakutaja jina. Kidole kilikaa pale, chini ya kidevu, bila kugusa. Kuku walikuja wakala maharage kutoka kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Ana kovu," alisema baadaye. "Nilikuwa nimelisahau kovu."

Kwenye picha ya duka kovu halikuwepo. Lililainishwa pamoja na mashavu.

Nilijua atakachosema kabla hajasema, na nilikuwa na maneno tayari. Nilimwambia kwamba nitamchapishia nyingine, safi, bila suti, kubwa kuliko hii. Nilimweleza kwamba hii ndiyo pekee iliyobaki nzima katika milima yote hii. Nilimweleza juu ya jua na vioo, kwamba nimeona makaburi mengi na ndani ya vioo hamna tena mtu, na kwamba uso huu ukitiwa kwenye saruji wajukuu zake watakuta karatasi tupu. Nilizungumza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hawa wengine ni wa nani kwako?" aliuliza.

"Si wa mtu. Nawatunza tu."

"Una mtu wako humu?"

"Sina."

"Basi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemaliza hesabu ndogo. Kisha akaingia ndani polepole, akiegemea ukuta kwa ajili ya nyonga, akatoka na wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake, na Biblia ya kuikatia juu yake. "Macho yangu hayawezi mstari. Wewe mikono yako imezoea picha. Nikatie wewe."

Ningeweza kukataa. Picha ilikuwa yangu, na alijua, ndiyo maana wembe alinipa mimi. Nilitazama kule migombani nikaona wale wawili wamesimama na fundi, wameshika ile suti juani, wanabishana ikae upande gani. Nikaiweka picha juu ya Biblia. Nilikata mistari minne, nikiacha nafasi kidogo juu kwa ajili ya kofia. Karatasi za zamani ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Wembe ulitoa sauti.

Nilidhani angeupeleka uso ule kaburini. Aliutia ndani ya Biblia, akaifunga, akaikalia.

"Saruji wape huyo mbunge," alisema. "Jua likimla, limle huyo. Wanangu wamefurahi naye, waache. Huyu wangu atabaki na mimi, nami nikienda, nimemwambia binti yangu amtie mkononi mwangu."

"Kwa hiyo atakwenda chini."

"Atakwenda nami. Kwani wewe ulitaka aende wapi?"

Wanawe walikuja kunichukua nishuhudie. Fundi alibandika kioo, akakizungushia saruji kwa kidole, na yule mzee wa suti akatazama migomba akiwa na mawingu yake mgongoni. Tuliomba, wao kwa namna yao, mimi mikono yangu mbele. Tukala ugali wa muhogo na maharage yaliyobaki baada ya kuku. Bibi alinifungia mengine kwenye mfuko ule uliokuwa na picha ya duka.

Nilirudi Kibondo kabla ya giza. Niliirudisha picha kwenye fremu, bila ubao wake wa nyuma, na kuitundika palepale. Nyuma yake nikaandika kwa penseli kilichotokea, na uso ulikokwenda. Sasa nikiwa mezani nakula, katikati ya watu wanane nauona ukuta wangu, rangi ya maziwa iliyoanza kubanduka.

Wiki iliyopita alikuja muuguzi mgeni, amehamishiwa huku kutoka pwani, kuazima jiko la mkaa. Hizo picha nyingine za ukutani alizipita zote. Kwenye ile akasimama. "Huyu wamemfanya nini?" akauliza. Nikamwambia akae, nikaenda kuweka maji ya chai.