Wagonjwa Wasio na Homa

Nilianza kazi asubuhi ya mvua, kaptura yangu ya kaki ikiwa imepigwa pasi ya makaa mara mbili. Zahanati ilikuwa ndani ya kambi ya wafanyakazi wa shaba, pembeni mwa Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule. Kabla ya kazi kuanza foleni ilikuwa imeshavuka lango. Muuguzi Mkuu, Mbelgiji mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa tumbako, alinikabidhi kipimajoto.

"Hiki ndicho hakimu wako, Yosefu," alisema. "Mwenye homa ni mgonjwa. Mwenye jeraha ni mgonjwa. Waliobaki ni masimulanti, warudi kazini."

Simulanti ni mtu anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi. Niliambiwa kambi imejaa watu hao, nami nikaamini. Kila asubuhi nilipima joto, nikagawa kwinini, nikasafisha vidonda, na katika kadi ya kila mtu nikaandika neno moja la kumlaza au kumrudisha. Miaka ilipopita nilihamishiwa hospitali ya wafanyakazi, nikajifunza kutafuta vijidudu vya malaria kwa darubini. Kisha nikarudishwa zahanati nikiwa infirmie wa daraja la kwanza, yaani muuguzi mwenye wasaidizi chini yake. Sifa yangu ilikuwa moja: hakuna aliyeweza kunidanganya.

Namkumbuka mtu mmoja wa tanuru, mrefu, mwenyeji wa Pweto. Alikuja mara tatu katika mwezi mmoja.

"Munganga, siko na maumivu," aliniambia. "Niko muzito tu. Chakula iko kama udongo mu kinywa. Usiku macho wazi mpaka asubuhi."

Nilimpima, hakuwa na homa. Nilimwambia kwa sauti, foleni nzima isikie, kwamba dawa ya uvivu haijafika bado kutoka Ulaya. Watu walicheka. Yeye hakukasirika hata kidogo. Alichukua kadi yake akaondoka, na hilo lilipaswa kunishtua. Muda mfupi baadaye mkataba wake ulikatwa, akapandishwa lori pamoja na mkeka wake. Jina lake sikulishika.

Mke wangu, Feza, alikuwa binti wa fundi cherehani, mtu wa Maniema. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alipojifungua mtoto wetu wa pili, msichana aliyemfuata Ilunga, kicheko hicho kilikatika. Wiki zilipita. Hakuchana nywele. Alimnyonyesha mtoto kama mtu anayeshikia mzigo wa mwenzake. Kila alfajiri nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, akitazama ukuta.

Nikafanya nilichojua: nikamwekea kipimajoto kwapani.

"Uko muzima," nikamwambia.

"Njo vile, Baba Ilunga," alijibu. "Kama unasema niko muzima, niko muzima."

Siku hizo nilikuwa nimeomba kadi ambayo serikali iliwapa Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwenye kadi hakuchapwa viboko, na ofisini alisemeshwa kwa adabu kidogo. Lakini kabla ya kuipata, wakaguzi walikuja nyumbani kutazama kila kitu: choo, vitanda vya watoto, uma na visu, na namna mama wa nyumba anavyopokea wageni. Barua ikaja kwamba wangefika Alhamisi.

Ninyi vijana mnaosomea uuguzi, nimelizunguka jambo hili miaka mingi. Sasa nitalisema.

Nilimwita dada yangu Ngoie. Nilimvika gauni la Feza la harusi ya kanisani na viatu vyake. Feza nilimpeleka chumba cha nyuma, nikamwomba asitoe sauti. Hakubisha. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

Wakaguzi walikuwa wawili, wote Wazungu. Ngoie aliwapa kahawa, akiwa na binti yangu mapajani. Mmoja akauliza, "Na huyu ndiye Madamu?"

"Ndiye," nikasema. "Mke wangu."

Ukuta kati ya sebule na chumba kile ulikuwa wa tofali moja tu.

Walipoondoka wakinisifu, nilifungua mlango. Feza alikuwa ameketi sakafuni.

"Balifurahi?" aliuliza.

"Walifurahi sana."

"Ngoie anajua kazi. Kama mi nikilala tu nisiamke tena, batoto hawatakosa mama."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayepanga mambo ya sokoni. Miaka yote ile nilisikia watu wakilia na kupiga kelele mbele yangu, lakini utulivu ule uliniogopesha kuliko yote. Nilimwacha na Ngoie, nikamwambia asitoke pembeni yake hata dakika moja, nikapanda baiskeli.

Hospitalini alikuwepo Daktari Msaidizi, kijana wa Kizungu aliyekuwa hajamaliza mwaka Katanga. Nikamwambia kuna mfanyakazi mmoja ambaye mke wake hana homa lakini hayuko sawa. Aliweka kalamu chini.

"Analala? Anaamka kabla ya kupambazuka? Anakula? Mambo aliyoyapenda, bado anayapenda? Anajiona hana faida? Amesema anataka kufa?"

Nilijibu ndiyo, hapana, ndiyo, mpaka swali la mwisho, hilo nikaliitikia kwa kichwa tu.

"Mfanyakazi huyu ni nani, Yosefu?"

"Ni mimi, Daktari."

Hakunigombeza. "Huu ni ugonjwa," alisema. "Tunauita melankolia, na wakati mwingine huja baada ya kuzaa. Si uvivu, si uchawi, wala hakuna aliyekosa. Mlete leo."

Leo vitabu vyenu vinauita sonona, na mna vidonge ambavyo sisi hatukuwa navyo. Daktari alikataa kumpeleka kwenye jengo la vichaa, lililokuwa na makomeo. Alimpa chumba kwenye wodi ya wazazi, pamoja na mtoto. Alipewa dawa ya usingizi jioni, chakula kidogo mara nyingi, na hakuachwa peke yake. Mkunga mmoja, Mama Albertina, aliketi naye kila siku, akamtembeza barazani, mwanzo nguzo moja, kesho mbili. Asubuhi Daktari alikuja kuzungumza naye. Kiswahili chake kilikuwa haba, nikajitolea kutafsiri.

"Wewe hapana," alisema. "Mama Albertina atatafsiri."

Nikabaki mlangoni na kofia yangu mkononi. Mimi, infirmie wa daraja la kwanza.

Katika mwezi wake wa pili hospitalini nilimpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alionja, akakunja uso. "Nani alipika hii? Haina chumvi hata kidogo!" Nilitoka nikaenda nyuma ya chumba cha kufulia, nikalia. Hasira ile ndogo ilikuwa Feza. Hakupona siku hiyo. Zilikuwepo siku za kurudi nyuma. Lakini alirudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Kadi ya serikali ilikuwa imefika Feza akiwa bado wodini. Sikuirudisha. Niliitumia, na watu waliniheshimu.

Zahanatini nilianza kuuliza maswali ya yule Daktari. Muuguzi Mkuu alilalamika kwamba ninachelewesha foleni. Wengine niliwapeleka hospitali, na baadhi walipona. Wenzangu waliponiuliza nilijifunza wapi, niliwajibu kwamba nilisoma katika kitabu. Yule mtu wa Pweto nilimtafuta kwenye madaftari. Bila jina, nilipata kurasa na kurasa za masimulanti, zote kwa mwandiko wangu.

Nilistaafu bendera ikiwa imeshabadilika. Siku iliyofuata Feza alikuwa uani akichagua maharage. Niliketi karibu naye, nikamwomba msamaha kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini. Aliendelea kutoa mawe madogo, akiyatupa kando.

"Ugonjwa nilisha kuusahau," alisema mwishowe. "Hata sura ya ile chumba ya hospitali nilisha kuisahau. Lakini vile ulisema 'mke wangu', na mi niko nyuma ya ukuta... ile, Baba Ilunga, bado."

Akasogeza ungo mpaka ukafika kati yetu, nami nikaanza kuchagua.