King'ora Kilichozoeleka

Mume wangu ni mtu wa polepole. Akimenya chungwa moja, wenzake wameshamaliza yao na kunawa mikono. Siku nyingine inanikera, sitaficha, lakini kwa jumla naishi naye kwa raha. Kiwandani wanamwita Fundi Pua, maana kazi yake ni kutunza vidude vinavyonusa gesi. Mimi nauza chai kwenye kantini ya hapo hapo, kwa hiyo hata akitaka kupiga chuku kuhusu kazi yake, hawezi.

Ni kiwanda cha barafu. Mitambo inagandisha maji kwa amonia, gesi kali inayochoma macho na koo, na ikivuja nyingi inaua. Kwenye chumba cha kufungashia, ambako mdogo wangu wa kike anajaza barafu mifukoni, ukutani kuna kihisi, kidude kisichozidi kikombe. Ndani yake mna maji ya dawa. Gesi ikipenya inazaa umeme kidogo sana, na umeme huo unasomwa kama namba. Namba ikipanda mno, king'ora kinalia.

Tabu ni kwamba kilikuwa kinalia ovyo. Feni kubwa ikiwashwa tu, kelele. Mwanzoni watu walitoka mbio. Baadaye wakazoea. Kikilia, mtu anapaza sauti, "Feni hiyo!" na kazi inaendelea, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa hodari wa kupaza. Kila nilipomsikia kutoka kantini, roho iliniruka. Siku gesi itakapovuja kweli, nani atainuka?

Nilimwambia mume wangu nyumbani, tena si kwa upole. "Wewe na pua yako! Mdogo wangu akidhurika mle ndani, mimi na wewe tutafikishana pabaya."

Akatafuna, akameza. "Mama watoto, nalifikiria hilo hilo."

"Basi lifikirie haraka!"

Siku ya mapumziko, kiwanda kikiwa kimya, akaenda, nami nikamfuata. Akawasha feni, akakaa kutazama namba. Ikapanda, ikawa inarukaruka. Akaweka kipande cha boksi kukinga upepo usikipige kihisi. Namba ikashuka, ila ikabaki inatetemeka kidogo.

"Umeona? Vurugu ni mbili," akasema. "Amonia kidogo ipo humu siku zote, haimdhuru mtu. Hewa ikitulia, inakifikia kihisi taratibu. Feni ikikivumia usoni, ni kama kukilisha kwa pupa, tena kwa mikupuo. Ndiyo maana namba inapanda na kuruka. Kutetemeka huku kulikobaki ni kwa umeme. Waya wake umelala ubavuni mwa waya wa mota, unaokota mambo ya jirani."

"Kama yule mama wa nyumba ya pili," nikasema. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Akauhamisha waya, kisha akakitengenezea kihisi kibanda cha bati chenye matundu, hewa iingie bila kusukumwa. Feni ikaunguruma, namba ikatulia tuli. Nikadhani yamekwisha.

Wapi! Kesho yake mdogo wangu akamwambia mbele ya wenzake, "Shemeji, umekiua. Zamani kilikuwa mwongo, sasa ni maiti." Wakaangua kicheko.

Mume wangu hakukasirika. Alileta mtungi mdogo wa gesi ya kujaribia, ulioandikwa namba ambayo kihisi kizima kinapaswa kuonyesha, akampa mdogo wangu mpira wa kupitishia gesi aushike mwenyewe kwenye kihisi. Huyo, mwenye papara tangu tumboni mwa mama yetu, akafungua koki yote. King'ora kikalia, namba ikaruka na kuipita ile iliyoandikwa kwenye mtungi.

"Taratibu, shemeji. Ukiimwaga hivyo itakudanganya. Iache ipite kama pumzi."

Akapunguza. Namba ikashuka kwa adabu, ikasimama pale pale palipoandikwa, king'ora kikiendelea kulia. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja akataka kujaribu, na mume wangu akawangoja wote, bila haraka, kama kawaida yake.

Yakapita majuma mengi ya ukimya. Halafu asubuhi moja, feni ikiwa imezimwa, king'ora kikalia. Nilikuwa namimina chai. Nikaganda na birika mkononi, nikingoja kusikia mtu akipiga mzaha. Nilichosikia ni vishindo vya mabuti ya mpira, watu wanatoka, wote. Mafundi walikuta kiungo cha bomba kimeachia, wakafunga valvu. Hakuumia mtu.

Mdogo wangu alisimama uani na glavu zake, kimya, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Mume wangu akamsogelea. "Shemeji, uko salama?"

"Nilikuwa nimeshika mfuko, umebaki kidogo tu ujae," akasema. "Zamani ningemalizia kwanza."

Nilimvua mdogo wangu glavu, nikaushika mkono wake. Ulikuwa baridi sana, na sikuuachia mpaka ulipopata joto.