Pumzi ya Feza

Ashukuriwe Mungu, aliyeniachia macho ya kutunga uzi kwenye sindano hata katika umri huu, na ambaye hakunifutia hata kumbukumbu niliyotamani ifutike. Naandika nikiwa Doornfontein, Johannesburg, katika chumba ninachoshonea nguo. Kamba imelala mezani, bado inanukia sabuni.

Harufu hiyo hunirudisha Uvira, kiangazi nilipokuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameshafariki, na mimi na mdogo wangu Feza tulilelewa na shangazi. Baba mdogo alikuja kututembelea akanifundisha mchezo wa kukata kamba na kuiunga. Tuliichemsha kamba ya pamba kwa sabuni ya kufulia, tukaianika, tukaisugua mpaka ikalegea kama utepe. Kisha akanipa siri. Kipande kingine kifupi, urefu wa shibiri, hukunjwa na kufichwa kiganjani. Kitanzi chake hujitokeza juu ya vidole, watu wakadhani ni katikati ya kamba ndefu, na hicho ndicho kinachokatwa. Ncha zake hufungwa fundo kuizunguka kamba ndefu, halafu fundo huteleza likarudi kiganjani, na kamba hubaki nzima kwa sababu haikuwahi kukatwa. "Usimfungulie mtu kiganja," aliniambia kabla ya kuondoka. "Hata mdogo wako." Nikaapa.

Kupuliza niliongeza mimi. Feza alikuwa na miaka sita. Nikimwambia "Puliza," alijaza mashavu akapuliza fundo kwa nguvu zake zote, pumzi yake ikinukia mahindi ya kuchoma, na ua mzima ulipiga kelele kamba ilipotokea nzima. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Alikipuliza kidole changu nilichojikata. Alikipuliza kikombe kilichovunjika, akakaa chini kukingoja.

Kiangazi hicho hicho mtoto mchanga wa shangazi alishikwa na homa, akafa. Siku ya tatu ya matanga, mbele ya watu, shangazi alimsimamisha Feza katikati ya ua.

"Anayepuliza vitu vikaungana, anashindwaje kupuliza vikakatika? Sema, ulimpuliza mwanangu?"

"Ndiyo, shangazi. Nilimpuliza apone, kama kamba. Dada yangu, yaya Neema, anajua."

Wote waligeuka kunitazama. Kipande kilikuwa mfukoni mwa gauni langu, nami nilikibana mpaka jasho likakilowesha. Nilijiambia kwamba nimeapa, lakini ukweli ni kwamba niliogopa wasije wakanisimamisha mahali aliposimama yeye. Sikutoa neno. Walimpeleka nyumba ya maombi, juu mlimani, afungiwe mpaka aungame. Baada ya wiki mbili tuliambiwa ametoroka. Hatukumwona tena. Tangu hapo, kila mkasi unapojifunga mkononi mwangu, nasikia mtu akivuta pumzi karibu na sikio langu, akiishikilia, akingoja nimwambie apulize.

Nilikuwa nimezoea kuishi naye hivyo mpaka majira ya baridi ya mwaka 2017, alipokuja mama mmoja msusi, Mkongo mwenzangu, kushonesha kanzu nyeupe ya binti yake Gloria, mwenye miaka minane.

"Ya ubatizo?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama Neema. Anaenda kufungiwa kwenye maombi. Anaongea usingizini, na mimba yangu ya pili imetoka. Watu kanisani wameshaona mchawi ni yeye."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Nikasikia ile pumzi. Nikamwambia amlete mtoto Jumamosi nimpime, na wiki hiyo nikachemsha kamba, mara ya kwanza tangu utotoni.

Jumamosi nilikata, nikafunga fundo, nikamwambia Gloria apulize. Kamba ikatoka nzima. "Eish, gogo!" alipiga kelele, akiniita bibi kwa Kizulu. "Nimeiunga mimi!" Mama yake alirudi nyuma mpaka akagonga cherehani, mkono mdomoni. Hapo nikamfungulia mama huyo kiganja.

"Tazama, mwanangu. Siyo yeye. Ni mimi, na kipande hiki." Nikamsimulia habari za Feza, yote, pamoja na ukimya wangu. Kisha nikamwekea kamba mikononi. Vidole vya msusi havihitaji kufundishwa mara mbili. Jaribio la pili fundo liliteleza vizuri kabisa.

"Ah, mama, wewe mwongo!" Gloria alicheka. Mama yake alicheka pia, halafu akalia, akimshika mtoto kichwa kama mtu aliyekaribia kukiangusha. Kitambaa cheupe alichokuwa ameleta cha kanzu alisema nimshonee Gloria blauzi ya shule.

Kufungua kiganja kulichukua muda mfupi kuliko kutunga uzi. Uvira ningeweza kukifungua vivyo hivyo, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi zaidi. Nilidhani baada ya siku ile Feza angeniacha. Hakuniacha. Bado anavuta pumzi mkasi unapojifunga, nami sasa humwambia kwa sauti, hata mteja akiwepo: "Puliza, mdogo wangu." Kisha nakata.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulindie watoto waliolala chini ya paa lako, na siku utakapotazamwa na wote, akupe nguvu ya kufungua mkono.