Filamu Iliyomfungua Mdomo Mama Mkwe

Mume wangu anapenda filamu za majasusi kuliko anavyopenda kupalilia mikorosho. Kila akishuka Masasi anarudi na flashi iliyojaa, zote zimetafsiriwa na kijana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, anayeweka utani hata pale mtu anapokufa. Mimi huwa nachambua mboga tu. Vurugu za Wazungu hazinihusu.

Jumapili moja mchana, hapa Mkunya, aliweka ya majasusi wanaomsaka mzee mmoja. Mzee huyo alikuwa ofisa wakati wa vita, akaua watu wasio na hatia, kisha akabadili jina na kwenda kufuga nyuki kijijini. Majasusi walihangaika kweli: picha za zamani, simu zilizonaswa, mwanamke aliyejifanya mnunuzi wa asali. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida husinzia filamu ikianza, siku hiyo hakusinzia.

"Wana kazi hawa," alisema. "Mimi wangu najua hata anapochota maji."

Mume wangu akasimamisha filamu. Tulijua kwamba mama alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa msichana, vita vya Mreno vilipopamba moto, na kwamba kaka yake alipigwa risasi. Hatukujua kwamba mtu wa kijijini kwao ndiye aliyewaonyesha askari kaka huyo alikojificha, wala kwamba mtu huyo naye alivuka baadaye, akapata shamba, akaoa, akazeekea hapa hapa kwetu.

"Nani, mama?"

"Jana umemwamkia. Tena vizuri, umeinama."

Jana yake tulikuwa msibani, na mume wangu aliwaamkia wazee wote waliokaa mkekani. Akaanza kuuliza. Ni yule wa mashine ya kusaga? Yule mwenye baiskeli? Mume wangu ni mtu wa hasira za karibu, na panga linakaa nyuma ya mlango. Niliogopa, sitaficha.

"Nikikutajia utakwenda," mama akasema. "Ameshanichukulia kaka. Simpi na mwanangu."

Kisha akataka filamu iendelee, aone kama watamkamata. Walimkamata. Mama akasema, "Haya," akaenda kutawadha.

Asubuhi yake tulikuwa uani sote watatu, mzee mmoja akapita njiani na jembe begani. Ni mtu tunayemwona kila siku. Mume wangu hakumwamkia. Mzee akapunguza mwendo, akasimama kabisa, maana kwetu mtu mzima anaamkiwa, haamkii. Mwishowe shikamoo ikatoka, kavu, naye akaitikia marahaba na kuuliza habari za nyumbani. Mume wangu akajibu nzuri. Wala hatukuwa tunamtazama yeye. Mimi na mume wangu tulikuwa tunamtazama mama usoni, na mama akageukia ukutani.