Kabla ya Kuufuta Mfumo wa Zamani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ujana wangu, mwanangu, ni Jumatatu moja ya vumbi pale Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Niliingia kazini na sidii mkononi, kichwa kimevimba kama cha mtu aliyeshinda kura. Ndani ya sidii ile mlikuwa na mfumo mpya wa kompyuta. Nilikuwa nimeuzungukia Nairobi Jumamosi nzima, na nilitaka kufikia jioni mashine zetu zote nne ziwe zinautumia.

Nakuambia haya kwa sababu juzi umeniuliza kwa simu kama mbadilishe mfumo kwenye kompyuta za shule yenu au muendelee na huu mlio nao. Nilikuambia ngoja nitafute miwani nikuandikie. Basi miwani nimeipata, na wewe tulia usome. Usidhani nitakuimbia haraka haraka haina baraka. Hiyo siku hizi imeandikwa hata kwenye vikombe na hakuna anayeisikia.

Ofisi yetu ya kuchapa ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, kando ya barabara ya Namanga. Mbele mtu ananunua dera na manukato, akivuka pazia anakutana na kompyuta, printa, na mashine ya fotokopi yenye hasira zake. Mwenye vyote hivyo alikuwa Mama Habiba, mama wa Kisomali kutoka Wajir, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kujifanya hajaisikia. Mimi nilikuwa msichana wa Kikamba kutoka Mwala, niko na cheti cha chuo na niko na mdomo. Cheti sijui kilienda wapi. Mdomo ninao hadi leo, muulize mume wangu.

Katika zile mashine nne, moja ilikuwa ya Baba Naserian. Huyu alikuwa Mmaasai wa Isinya, mtu wa makamo, ambaye macho yake yaliharibika utotoni kwa ugonjwa, akabaki haoni hata kivuli. Alifundishwa kuchapa kwenye shule ya wasioona, na kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusoma kwa sauti. Akibonyeza herufi, inaitaja sikioni mwake. Akimaliza sentensi, inamsomea yote. Na alikuwa anachapa, mwanangu! Wazee walitoka Kisaju na Isinya na mambo yao ya mashamba, kuandika hawajui, wakakaa kando yake wakaeleza kwa Kimaa. Yeye vidole vyake vilikuwa vinaweka kwa Kiswahili au Kiingereza kabla mzee hajamaliza kukohoa. Ukivuka pazia unasikia wakisalimiana “Sopa!” na “Ipa!”, halafu kibodi inaanza kulia kama mvua kwenye mabati. Mimi na macho yangu mawili sikuwahi kumfikia. Nilimwonea wivu, na nilimpenda sana.

Sasa usinione mjinga na sidii yangu. Ule mfumo wa zamani ulikuwa umechoka kweli. Mashine ilikuwa inaganda katikati ya kazi na mteja amekukodolea macho. Watu walikuja na flashi, kompyuta zikazikataa. Hata printa mpya aliyoinunua Mama Habiba haikutaka kabisa kusikizana na mashine zetu. Na ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa saiba, duka la intaneti, yenye mfumo mpya, vijana wanapita mlangoni kwetu hata shingo hawageuzi. Nilimweleza Mama Habiba hayo yote, nikamwaga na maneno ya chuoni ili nionekane nimesoma.

Alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akauliza, “Mwende, ile sauti ya Baba Naserian itaongea kwa hii mpya?”

Aiya! Nilikuwa nimefikiria printa, nimefikiria flashi, nimefikiria hata ile picha ya kupendeza inayokaa kwenye kioo ukiwasha. Hilo la sauti halikuwa limenipitia kichwani. Nikasema sijui.

“Basi jua kwanza,” akasema, akarudi mbele kwa wateja wake wa vitambaa.

Tukauweka mfumo mpya kwenye mashine moja tu, ile ya pembeni, nikaingiza na ile programu ya kusoma. Baba Naserian akaja akavaa spika za masikioni. Akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena, akasogeza kichwa karibu na mashine kana kwamba ingemnong'oneza. Kisha akazivua spika akaziweka mezani polepole.

“Hii haina mtu ndani,” akasema.

Akaendelea, na sauti yake haikuwa ile ya utani tuliyoizoea. “Naserian ndio ameingia fomu wani. Ni hii kazi inamsomesha. Mashine ikininyamazia, nitafanya nini hapa? Nipange vitambaa kwa rangi?”

Mimi, kwa huruma na kwa haraka ya ujana, nikaona nimepata dawa. Nikasema basi tumwachie mashine yake na mfumo wake wa zamani, sisi wengine tusonge. Baba Naserian akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajafurahi. Akasema, “Mtu anaachiwa boma na kibuyu cha maziwa, wenzake wanahama. Sawa. Maziwa yakiisha?” Na alikuwa sahihi. Mashine ile ilikuwa imezeeka, haikuwa inaelewana na printa, na siku ingekufa hakuna duka ambalo lingekuwa bado linauza vitu vyake.

Ndipo Mama Habiba akavuka pazia tena, kumbe alikuwa anasikia. Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa analifanya mara nyingi mchana. Akatuambia, “Kwetu, nikiwa mdogo, tukitaka kuhama, vijana walikuwa wanataka kutoka alfajiri. Wako na miguu. Lakini baba yangu alikuwa anaenda kwanza kwa nyanya. Anatengewa ngamia wake, yeye na wana-kondoo waliozaliwa juzi. Nyanya akishakaa vizuri pale juu, aseme mwenyewe nimekaa, ndio nyumba zinavunjwa. Kuhama tulikuwa tunahama. Majani yakiisha utabaki ukila mchanga? Lakini mwendo ulikuwa wa nyanya.”

“Hata kwetu ni hivyo, ni vile tu nyanya anapanda punda,” Baba Naserian akasema. Kisha akageuza uso kwake. “Sasa Mama, mimi ndio nyanya?”

Tulicheka mpaka mteja akachungulia. Mama Habiba peke yake hakucheka. Alisema, “Mwende, uko sawa. Huu wa zamani umekwisha, tutauacha. Lakini tutahama siku Baba Naserian atasema twende. Si siku wewe umesema, wala si siku mimi nimesema. Wewe umtafutie ngamia.”

Wallahi, kama alivyokuwa anaapa yeye, mpaka leo sijasikia uamuzi wa ofisi ulionipendeza kama huo. Wakati ule lakini nilitoka pale nimenuna! Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kipya kilikuwa mkononi mwangu na ninakatazwa kukionja.

Nikatafuta. Niliuliza Nairobi kwa watu wanaofundisha wasioona, nikatumwa hapa nikatumwa pale, kuuliza si ujinga. Mwishowe nikaambiwa kuna toleo jipya la programu ile ile, na hilo linaongea na mfumo mpya. Mama Habiba alilinunua bila kunung'unika. Tukaliweka kwenye mashine ya pembeni, Baba Naserian akavaa spika, na safari hii kulikuwa na mtu ndani. Shida ni kwamba hakumpenda mtu mwenyewe.

“Huyu mzungu ameziba pua,” akalalamika. “Na anakimbia kama anafukuzwa na kifaru.”

Vibonye alivyovijua kwa miaka vilikuwa vinafanya mambo mengine kabisa. Anataka kusoma mstari, mashine inafunga barua. Siku moja barua ndefu ya mzee wa Kisaju ilipotea yote, na Baba Naserian akapiga meza kwa kiganja, akaamka akaenda kusimama nje kwenye upepo. Niliogopa kumfuata. Aliporudi alimwomba mzee msamaha, akaketi kwenye mashine yake ya zamani, akaichapa barua yote upya. Kutoka hapo akajiwekea utaratibu. Asubuhi kazi za wateja kwenye ya zamani, na mchana watu wakipungua anahamia ya pembeni kugombana na mzungu wake.

Hayo hayakwisha kwa wiki wala kwa mwezi. Nisikudanganye kwamba kungoja hakukuwa na gharama. Wateja walituhama, wengine wakavuka barabara na flashi zao mchana kweupe. Jamaa wa saiba ile alikuwa anatuita ofisi ya makumbusho. Nilimwambia Mama Habiba tunaumia. Akajibu kwamba anajua, duka ni lake. Kila asubuhi alipitia kwa Baba Naserian akamsalimu, akauliza, “Leo umekaaje?” Hakuwahi kumuuliza atamaliza lini. Mimi nilikuwa namwangalia mama yule, na nenda rudi ya miezi ile ilinifundisha heshima ambayo chuo hakikunipa.

Halafu asubuhi moja, mvua imenyesha, matope meusi ya Kitengela yamejaa viatuni, nilimkuta Baba Naserian amefika kabla yangu. Alikuwa kwenye mashine ya pembeni, na mzee mmoja wa Isinya kando yake anaeleza mambo ya mpaka wa shamba. Kibodi ilikuwa inalia kwa ile kasi yake ya zamani. Barua ikatoka kwenye printa mpya, nyeupe, safi, mzee akaiweka ndani ya shuka akaondoka. Baba Naserian akavua spika. Akaita kuelekea mbele, “Mama Habiba! Nimekaa. Tuhame.”

Niliketi mbele ya mashine yake ya zamani, sidii ikiwa ndani, kidole juu ya kile kibonye cha kufuta kila kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamuuliza kama ana hakika. Nikamuuliza tena.

Baba Naserian akaangua kicheko kikubwa cha kwake. “Mwende! Si ni wewe ulikuwa na haraka? Sasa unaogopa nini? Bonyeza, twende!”

Nikabonyeza, na machozi yananitoka. Alichapa pale hadi Naserian akamaliza shule, na miaka mingine mingi baadaye. Mama Habiba ametangulia mbele ya haki, Mungu ampe pepo. Sijafanya kazi na bosi mwingine aliyekuwa na ubavu wa kungoja namna ile huku anapata hasara.

Kwa hivyo, mwanangu, jibu langu ni kwamba hameni. Mfumo uliokwisha usiukumbatie eti kwa sababu umeuzoea, utakufia mikononi. Lakini usianze kwa kuniuliza mimi, wala kwa kumuuliza yule kijana mwepesi anayeujua tayari. Hapo shuleni kwenu yuko mtu mmoja ambaye mfumo huu wa sasa ndio ugali wake, na ukibadilika vibaya atakaa kimya kwa sababu anaona aibu kuwachelewesha. Mtafute. Kaa naye. Jaribuni kwa mashine moja, ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, na siku ya kufuta aitaje yeye.

Mungu akupe kifua cha kungoja watu wako, na akupe miguu ya kwenda wakishasema twende. Na siku wewe mwenyewe utakapokuwa wa mwisho kupanda, maana itafika, akuletee mtu wa kukuuliza kila asubuhi umekaaje. Amina.