Maji Safi ya Felista

Kama kudharau watu kungekuwa kilimo, Felista angejaza maghala yote ya Iramba. Pale kijijini kwao, kando ya ziwa Kitangiri, wenzake walifuga perege kwenye mabwawa ya kuchimba, wakatia samadi mpaka maji yakawa kijani na kujaa vidudu vinavyorukaruka. Yeye alipita ameziba pua. Alimwuliza wifi yake, Rebeka, kama anafuga samaki au choo.

Basi naye akachimba bwawa lake. Aling'oa vitunguu vyote kwenye kishamba pekee alichokuwa nacho, akaenda kuchota vifaranga vya perege kwenye maji mafupi penye matete. Maji ya bwawa aliyachuja kwa khanga, ndoo baada ya ndoo, kama mama yake alivyokuwa akichuja ya kunywa. Vidudu vilivyobaki kwenye khanga aliwamwagia kuku. Loo, maji yaling'aa mpaka ungeiona sindano chini. Akawarushia vifaranga pumba za mtama, akakaa kujisifu.

Vifaranga wakakonda. Vichwa vikubwa, mikia kama uzi. Rebeka alipokuja kusalimia alichungulia, akamweleza kwa upole kwamba vinywa vyao bado haviwezi pumba. Kule kwenye matete wanakula vidudu vile vile anavyowapa kuku. Felista alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu lini mwenye bwawa la kinyesi akamfundisha mtu usafi? Sikio la kufa halisikii dawa.

Kulipokucha, nusu yao walikuwa wanaelea matumbo juu. Kicheko kikamwisha. Vitunguu havipo, na samaki ndio hao wanakwenda. Akafikiria aibu, akafikiria njaa ya mwaka mzima, akaona heri aibu. Akabeba ndoo.

Rebeka hakumsimanga. Alimchotea maji ya kijani, akamsindikiza, wakayamimina pamoja. Vifaranga waliobaki wakavivamia vidudu, wakimeza kwa pupa. Felista machozi yakamtoka, ya furaha na ya uchungu wa kiburi kilichovunjika.

"Wifi, nakuomba," alisema, "watu wasijue."

"Mimi sitasema," Rebeka akajibu. "Ila ndoo moja haiwatoshi. Utakuja kuchota kila asubuhi mpaka bwawa lako nalo lichafuke, na njia ya kwangu ni hiyo moja tu, inayopita kisimani wanapochota wote."