Maji Yalipopotea Kwenye Kioo

Kabla sijawa dereva wa nyumbani huko Muaither, katika nchi ya Kiarabu, nilichochea boila ya kiwanda cha chai kwetu kwa miaka sita. Mwajiri wangu, mzee mstaafu niliyemwita Baba kama madereva wenzangu walivyowaita wa kwao, hakuijua habari hiyo mpaka aliponunua mashua ndogo ya mvuke, ya kujifurahisha tu. Ilikuwa nzuri, ila ilitambaa. Kaka yake alimcheka kwamba hata bata wangeipita.

Siku moja nilimkuta ameshika spana, anataka kukaza vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, ili boila ibebe mvuke zaidi.

"Hiyo usiiguse, Baba," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. "Hiyo ndiyo inayokulinda."

"Wewe dereva unajua nini?"

Nikamweleza nilikotoka. Akaweka spana chini, akasema basi niipe mashua mwendo kwa njia yangu.

Nilisugua masizi yaliyojaa kwenye mabomba ya boila. Bomba la kupeleka mvuke nikalifunga kitambaa cha kuzuia joto, maana mvuke ulikuwa ukipoa kabla haujafika kwenye injini. Palipovuja nikaziba, tukafunga na propela pana zaidi.

Ijumaa moja asubuhi tukaishusha majini pwani ya Lusail, yeye usukanini, mimi motoni. Kaka yake alikuwa mbele yetu na boti yake ya injini, akienda taratibu kwa dharau. Tulianza kumkaribia. Baba alikuwa akicheka peke yake. Hapo nikatupia jicho kioo kinachoonyesha maji ya boila: yameshuka chini ya alama. Nikafungulia pampu ya kuingiza maji kwenye boila, ikanguruma bila kuvuta kitu. Nilipotazama tena, kioo kilikuwa kitupu.

"Baba, nazima moto."

"Tumpite kwanza. Tumia pampu ya mkono."

"Maji baridi yakigusa chuma kilichoungua, boila itapasuka nasi."

"Nimesema pampu."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini wa pampu. Niliwaza viza yangu, iliyokuwa kwa jina lake, na karo ya wanangu. Kisha nikachukua koleo, nikaukomba moto wote na kuumwaga baharini. Alinifokea, lakini sikugeuka.

Tukaelea, boila ikilialia kwa kupoa. Kaka yake alirudi akatukokota hadi pwani.

Kesho yake nilipanga nguo begini nikisubiri kufukuzwa. Aliponiita gereji, alikuwa ameshafungua pampu ile iliyogoma na kuilaza vipande vipande mezani. Mpira wake wa ndani ulikuwa umelika. Nilishughulikia mwendo wiki nzima, pampu sikuigusa hata mara moja, nami nikamwambia hivyo.

"Mimi pia sikuitazama," akasema. Hakuniomba radhi, wala sikutarajia. Alinisogezea kiti, akaniuliza ni mpira wa aina gani tununue.